Hatua Arobaini na Moja Hadi Mtoni

Jumapili, Machi 2

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya somo. Nilistaafu kabla ya kulijaza, na mimi si mtu wa kutupa karatasi safi. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja hapa Sironga, kwa hiyo nitaandika kwa Kiswahili. Tena Jethro, mume wangu, huchoka kusoma Kiswahili akifika mstari wa tatu, na hiyo ni faida.

Ninaandika kwa sababu mdomo wangu umeniponza. Mwezi wa kwanza, barazani, chifu alisema mikaratusi yote iondolewe kandokando ya kijito chetu, kwa kuwa inamaliza maji. Watu wakanung'unika. Mimi nikasimama, Esnah Nyanchera mwenye kujua yote, nikasema: kateni, na kabla mvua za masika hazijaisha nitawapa miche ya mizambarau ya mtoni, miti ya kwetu, ya kutosha kingo zote mbili. Bure. Wakakata. Mogire, jirani yangu wa chini, amekata thelathini na sita ambayo alikuwa ameitunza iwe nguzo. Sasa kingo ziko wazi na macho yote yako kwangu.

Miche ninayo elfu mbili kitaluni, yote kutoka kwa mzambarau wangu ulio nyuma ya zizi: mrefu, umenyooka kama rula. Kwa miaka tisa kikundi chetu cha akina mama hakijaokota mbegu penginepo. Mbegu nzuri hutoka kwa mti mzuri. Hilo nalo nililisema barazani, tena kwa sauti.

Leo nimepima kutoka mlango wa jikoni hadi ukingo wa mto. Hatua arobaini na moja. Nitapima kila mara nione mvua itakula kiasi gani.

Jumatano, Machi 5

Manyunyu tu. Tumechuma chai hadi saa nne. Hakuna jipya.

Jumapili, Machi 9

Mvua imekuja kwa fujo. Asubuhi Mogire alikuwa mlangoni, matope hadi magotini.

"Bwakire, Mwalimu. Hii mto imekula mahali nafunga mbuzi. Hatua tatu, mara moja!"

"Pole sana. Vumilia, miche ifike urefu wa goti."

"Goti ya nani? Ya kuku?" Akanyoosha kidole kwake. "Mimi niko na bulugamu mia mbili kwa mikebe, nyuma ya nyumba. Nakungojea mpaka Mei iishe. Ikipita hapo, napanda. Na si mimi peke yangu."

Ngeli zake (na hiyo bulugamu, yaani mikaratusi) ningezipiga wino mwekundu, lakini hoja yake haina kosa. Akipanda yeye, watapanda wote, na maneno yangu ya barazani yatakuwa kichekesho mpaka nizikwe.

Kwangu bado hatua arobaini na moja. Pale mto unapopinda chini ya jiko langu kuna kichaka cha mizambarau michanga kumi na saba iliyojiotea, na mizizi yake imeshika udongo barabara. Nilimwonyesha Mogire. "Unaona watoto wa mti wangu mrefu? Hiyo ndiyo mbegu." Alitazama, akaguna, akaenda zake kumtafutia mbuzi mahali pengine.

Ijumaa, Machi 14

Marion amerudi. Huyu ni binti kutoka Masimba anayesomea uzamifu wa mambo ya mimea chuo kikuu. Mwezi wa kwanza alipita hapa akikata majani ya kila mzambarau wa mtoni, kuanzia chemchemi za juu hadi kule chini ambako vijito vyetu vitatu vinakutana na kuwa mto wenye jina. Kila jani alilitia kwenye kimfuko chenye punje za kunyonya unyevu, zile zile zinazokuja ndani ya viatu vipya, akaandika namba. Anataka kujua mti upi ni ndugu wa upi. Nilimwambia angeniuliza mimi, kwani ukoo wa kila mtu hapa naujua.

Leo alikuja kumalizia iliyobaki, akaanza kukata majani hata ya kile kichaka cha konani.

"Hiyo usijisumbue, mwanangu. Yote ni ya ule mrefu."

"Nitaandika hivyo, Mwalimu. Lakini jani nitachukua."

Vijana wa siku hizi wanakataa kwa adabu mpaka unawashukuru. Kisha akauliza kama kikundi kimewahi kuchukua mbegu kwenye mti wa juu kabisa, wa Mama Haron. Nikasema hapana, nikabadilisha mazungumzo.

Daftari haliwezi kunisengenya, kwa hiyo niandike. Mama Haron ni Jacinta Mong'ina, wa boma la chemchemini. Kikundi kilipoanza, miaka tisa iliyopita, alileta kikapu kizima cha zambarau kutoka kwa mti wake. Mti wenyewe umeota juu ya mwamba, umepinda, matawi yanagusa chini. Mbele ya akina mama wote nilimwambia: "Rudisha nyumbani, Mama Haron. Hatutaki vibyongo kitaluni." Walicheka. Nilicheka nao. Alikipandisha kikapu kichwani, akaondoka, na hakurudi tena kwenye kikundi. Tangu hapo tunasalimiana matangani tu.

Alhamisi, Machi 20

Madoa ya rangi ya kutu kwenye majani ya miche. Machache. Nimeyachuma na kuyachoma.

Jumatatu, Machi 24

Si machache.

Alhamisi, Machi 27

Mvua kila alasiri. Miche mia sita imekauka kuanzia kileleni. Nimejaribu majivu, nimejaribu maji ya vitunguu, nimejaribu maombi. Kwa Mogire mto umekula hatua nyingine mbili. Kwangu arobaini na moja. Nimempigia Marion simu nimwombe aje. Sikupenda.

Jumapili, Machi 30

Siku ndefu. Kalamu isiishe wino.

Marion alifika na pikipiki, akapita kitaluni mstari kwa mstari, akichutama. Mogire naye alikuja, eti anapita tu.

"Mwalimu, hii miche yote, mama ni mmoja?" Marion akauliza.

"Mmoja. Na ni mti mzuri."

"Na baba?"

"Baba gani?"

"Angalia. Huu mti mrefu ulikuwa umezungukwa na bulugamu kila upande. Hakuna mzambarau ingine mkubwa karibu. Nyuki anatoa chavua kwa tawi hii, anapeleka kwa tawi ile, na mti ni ule ule. Kwa hivyo karibu yote, baba ni huyo huyo mama."

Mogire akavua kofia. "Yaani wameoana nyumba moja?"

Hapa kwetu, kijana kabla hajamaliza kutaja jina la msichana, shangazi zake wameshauliza yule ni wa ukoo gani, na wakisikia ni wa ukoo wao, mambo yamekwisha. Mimi mwenyewe nimewahi kuvunja uchumba wa namna hiyo. Na kumbe kwa miaka tisa nimekuwa nikiuozesha mti kwa mti wenyewe, tena nikijisifu hadharani.

"Ndio maana ugonjwa imepita yote," Marion alisema polepole, maana aliona uso wangu. "Watoto wamefanana damu. Ile kitu imeshinda mmoja, imeshinda wote. Si kosa lako, Mwalimu. Watu wengi wanachagua mti mzuri."

Kisha akasimama kwenye kona ya kitalu. "Na hii?"

Miche kumi na mitatu, kijani kibichi, haina hata doa. Sikuwa nimeiona kabisa. Sisi wote tulitazama, isipokuwa Jethro, ambaye alikuwa akitazama gambuti zake miguuni.

"Jethro."

"Hizo ni zangu," alisema. "Ulinituma mbegu kwa mti mrefu, nikaona uvivu kuzunguka zizi. Nilikuwa nimetoka kwa Mama Haron, nikaokota zake njiani."

"Kwa Mama Haron ulifuata nini?"

Akapangusa tope kwenye gambuti moja.

"Chai," alisema.

Lazima nieleze. Sisi ni Waadventista Wasabato, na chai ya majani kwetu ni mwiko. Tuna chai shambani, nzuri, inasifiwa kituoni, lakini chungu changu hakijawahi kupika majani yake. Nyumbani kwangu ni uji, maziwa, au maji moto na limau. Kumbe mume wangu, mzee wa kanisa mwenye mvi, amekuwa akipanda kwa yule Mkatoliki kila Jumanne na Alhamisi kunywa chai ya majani yaliyokolea, miaka sijui mingapi! Marion alicheka mpaka akakaa ndani ya toroli. Mogire alisema hajaona kesi nzuri kama hii tangu ile ya bata barazani kwa chifu.

Nilitaka kukasirika. Lakini miche kumi na mitatu ilikuwa hai, na uvivu wa Jethro ndio ulioiokoa, basi nikaona hasira ingoje.

Marion alituchorea mto kwa kijiti kwenye matope. Zambarau zikianguka majini, husafiri kwenda chini. Hazirudi juu. Kwa hiyo miti ya kule chini ni kama soko la Nyakoe, kila kijiji kimetuma mtu. Miti ya chemchemini haipokei kitu kutoka chini, isipokuwa kile ndege na nyuki wamekipandisha. Ndiyo maana kila chemchemi ina damu yake ya zamani ambayo huipati penginepo. Akasema miti ya kule juu ni michache, lakini ni ya kipekee.

"Na kupinda?" niliuliza.

"Ni mwamba na upepo, Mwalimu. Mbegu yake ukiipanda kwa udongo mzuri, itanyooka. Hii kumi na tatu imepinda?"

Haijapinda.

Marion akasema mbegu mpya hazitawahi Mei. Lakini chini ya miti ya chemchemini imejiotea miche mingi, ya urefu wa mkono, ambayo inaweza kung'olewa na kupandwa mvua ikiwa bado ipo. Itolewe kwenye vijito vyote vitatu, siyo kimoja. Vijito viwili hakuna shida. Cha tatu, chenye miche mingi kuliko yote, kiko bomani kwa Mong'ina.

Jumapili, Aprili 6

Nimekwenda. Hayupo, yuko misani. Jana mimi nilikuwa kanisani. Mwisho wa wiki Mungu ametugawanya.

Jumanne, Aprili 8

Nimekwenda tena. Nilimwona kwa mbali akianika mahindi. Nikachutama kwenye chai ya watu mpaka akaingia ndani, nikarudi nyumbani. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja.

Alhamisi, Aprili 10

Jethro ndiye aliyesema: "Kama ni mambo ya kuoa, twende kama wanaoenda kuomba msichana." Alisema kwa mzaha, lakini Mogire akadaka. Mogire anapenda bulugamu, lakini anapenda zaidi kusimama mbele ya watu na kuzungumza. Akavaa koti. Mimi nikabeba mkungu wa ndizi, Jethro akambeba jogoo, tukapanda kwa Mong'ina tukiongozwa na msemaji wetu.

Tulimkuta mlangoni, mikono kiunoni. Mogire akakohoa.

"Mama, sisi ni wageni kutoka huko chini. Tuko na kijana wetu. Mrefu, amenyooka, ana kiburi kidogo kama mwenye boma lake. Tumesikia hapa kuna mabinti."

Mong'ina alimtazama Mogire, akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Huyo kijana, sasa amekumbuka kuoa?"

"Alikuwa anajioa mwenyewe," Mogire akasema. "Imekataa."

Nikaona pembe ya mdomo wake ikitikisika. Lakini hakucheka. Akatuingiza ndani, akampa Jethro kikombe cha chai bila kumuuliza sukari ngapi, jambo nililoliona. Mimi akaniletea uji wa wimbi, wenye ndimu. Sikuwa nimeomba. Miaka tisa, na bado alikumbuka ninachokunywa.

Nikaweka kikombe chini. "Mama Haron, nilikuaibisha mbele ya watu. Mti wako haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekuwa na kosa. Nisamehe."

Kisha akanyanyuka, akaleta kikapu kutoka darini, kimeingia vumbi.

"Ni hii," akasema. "Miche chukua yote unataka, ni ya Mungu. Lakini mzigo ya kwanza utabeba kwa hii kikapu. Kwa kichwa. Ile njia nilipanda nayo, wewe utashuka nayo. Na usipitie kwa chai ya watu kama juzi."

Kumbe aliniona.

Ijumaa, Aprili 11

Nimeshuka na kikapu kichwani, miche hamsini, matope yakinichirizika masikioni. Nilipita kwa kila boma. Kila mtu alikuwa nje, sijui nani aliwaambia. (Mogire ndiye aliyewaambia.) Walipiga vigelegele kama wanavyompokea bibi arusi. Mong'ina alikuja nyuma yangu mikono mitupu, akiitikia salamu kwa utaratibu kama malkia. Tulipofika daraja la gogo, juu kidogo ya jiko langu, alisimama akatazama maji. Nilidhani amechoka.

Shingo inauma. Moyo hauumi.

Jumanne, Aprili 29

Hakuna muda wa kuandika. Tunang'oa asubuhi, tunapanda mchana. Mong'ina ndiye mwalimu sasa. Tangu utotoni ametembea vijito vyote akitafuta kuni, anajua kila mzambarau mzee ulipo, hata ule uliojificha nyuma ya maporomoko ambao Marion mwenyewe hakuwa ameuona. Mizizi anaifunga kwa magome ya mgomba yaliyoloweshwa, majani anayakata nusu ili mche usihangaike, kisha anaufunika kwa mabua. Mimi nilikuwa nikinunua mifuko ya plastiki.

Pale vijito vitatu vinapokutana nilisimama leo nikatazama. Kimoja kina maji mekundu, kimoja kina maji ya kahawia, kimoja kina maji maangavu, na hatua chache chini huwezi tena kusema yapi ni yapi. Nimepita hapo maisha yangu yote nikikimbilia mambo mengine.

Jumatano, Mei 7

Kwa Mogire tumepanda nyasi za nepia mstari wa kwanza, mizambarau nyuma yake, mchanganyiko wa vijito vyote vitatu. Alisimamia kama fundi. Mikebe yake ya bulugamu bado ipo. "Mei haijaisha," alisema.

Alhamisi, Mei 15

Mvua ya mawe. Nilikaa jikoni nikisikiliza mabati. Ilipoacha tulikimbia, mimi upande wangu, Mong'ina upande wake. Miche yote iliyofunikwa kwa mabua iko salama. Iliyopotea ni michache, ile niliyoipanda mimi nikaona mabua ni kazi bure. Mong'ina aliinua bua moja, akanipa.

Hatua: arobaini na moja.

Ijumaa, Mei 30

Mogire amekuja na mikebe yake kwenye mkokoteni. Aliusimamisha mbele yangu.

"Mwalimu, nimetoa ile bulugamu nikapanda huko juu kwa kilima, mbali na maji. Sasa hii mikebe tupu niliona ni ya kitalu yako. Ya mwaka ujao."

Nilimkumbatia. Aliruka nyuma kama aliyeguswa na siafu, kisha akacheka.

Jumatano, Juni 4

Marion ametuma matokeo ya kwanza kwenye WhatsApp, kisha akapiga. Vijito vitatu, kila kimoja na damu yake, kama alivyodhani. Mti wa Mong'ina una vitu ambavyo havipo kwa mti mwingine wowote wa juu. Nikasema sawa, hilo nimeshalizoea.

"Na kuna ingine, Mwalimu. Kile kichaka cha kona, chini ya jiko yako. Ile kumi na saba. Si ya mti mrefu. Hata moja."

"Haiwezekani."

"Mama yao ni ule wa Mama Haron. Wote. Baba ni tofauti tofauti. Na wana umri mmoja, kama walikuja pamoja. Nani alipanda?"

"Hakuna aliyepanda."

Nimekata simu. Sijamwambia mtu. Ndicho kichaka nilichowaonyesha watu kila mwaka, nikisema tazameni mbegu yangu.

Jumapili, Juni 8

Siku nne nimekaa na habari ile, nikashindwa. Leo nimemngojea Mong'ina njiani akitoka misani, akiwa bado na kitambaa chake cha Jumapili, nikamwomba ashuke kwangu. Tukasimama ukingoni. Nikamsomea ujumbe wa Marion wote kwa sauti, sikuruka hata neno.

Aliitazama ile miti kumi na saba. Akainama akashika mmoja, ulionyooka, mnene kuliko mkono wake.

"Ile kikapu," akasema. "Siku ile uliniambia nirudishe nyumbani, sikufikisha nyumbani. Nilikuwa na hasira mbaya. Nilipofika hapo kwa daraja ya gogo nilimwaga yote kwa maji. Nikasema, kama Mwalimu hataki, mto ichukue."

Na mto ulichukua, ukazishusha zambarau hadi kwenye kona ya kwanza, mlangoni kwangu.

Nililia, na siandiki hilo kwa aibu. Yeye alicheka, kisha akalia kidogo, kisha akaniambia ninyamaze kwa sababu Jethro anatutazama kutoka dirishani na atafikiri kuna matanga.

Kabla hajaondoka nilimwambia kuhusu hatua. Akasema tupime. Nikaanza mlangoni pa jiko, yeye akisimama pale pale mlangoni na kuhesabu kwa sauti, kwa Ekegusii, mpaka vidole vya miguu yangu vikafika kwenye majani ya ukingo na mizizi ya miti yake. Akanipigia kelele namba ya mwisho, ingawa niliijua.

Arobaini na moja.